Treni Haipo? Siku Tisa kwa Baiskeli, Tabora Hadi Ujiji

Swali la kwanza niliulizwa kabla sijatoka mjini. Mzee mmoja anayeuza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karibu na stesheni ya Tabora alinitazama, akaitazama baiskeli na mabegi yaliyoning'inia kila upande, akasema, "Mwalimu, unahama?" Nikamwambia naenda Kigoma. Akageuka kuangalia stesheni, kisha akanirudia kwa sauti ya huruma. "Kwani treni haipo?"

Treni ilikuwepo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mtu mwenye akili zake akitaka kwenda mwisho wa reli hukata tiketi. Swali la yule mzee nililisikia tena Usoke, nikalisikia Urambo, Kaliua, Nguruka, mpaka nikaanza kulijibu kabla halijaulizwa.

Sababu nilikuwa nazo mbili. Ya kusema mbele za watu ilikuwa dada yangu aliyeolewa Ujiji, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Ya pili niliiweka moyoni. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba babu yake babu alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu na majora ya nguo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo. Mzigo wa mpagazi, alivyosema, ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kilichonikaa kichwani ni hizo kilo. Nilikuwa na miaka 38, nafundisha jiografia, nawachorea wanafunzi Malagarasi ubaoni kila mwaka, na mto wenyewe nilikuwa nimeuona mara mbili tu, zote usiku, kupitia dirisha la behewa.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya Daraja la Kikwete kufunguliwa pale Malagarasi. Lami wakati huo ilikuwa vipande vipande. Unaifurahia, inakatika, unakula vumbi nusu siku, halafu inarudi kana kwamba haikuwa imeondoka. Leo sehemu kubwa imeunganika na atakayepita ataniona mwongo.

Nilijiandaa kwa miezi mitatu, na nikikumbuka sasa naona nilijiandaa kwa safari ya mtu mwingine. Nilinunua baiskeli ya mtumba yenye gia 21, nikawa kila Jumamosi naendesha hadi Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na kurudi. Kwihara ni pua na mdomo na mjini. Nilirudi bila jasho la maana nikajiona niko tayari. Kisha nikafunga mizigo: hema la watu wawili, godoro la kujaza upepo, jiko la gesi na mtungi wake, sufuria mbili, suruali nne, viatu jozi mbili, tairi la akiba, tyubu nne, kamba mita 20, panga, taa mbili, na kitabu kinene ambacho sikukifungua. Nilivipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Kilo 31. Nilitabasamu peke yangu pale dukani. Babu angenitambua.

Siku ya kwanza nililala Urambo, na siku hiyo sina la kuisimulia. Lami, upepo wa Julai ukiwa mgongoni, miombo iliyoanza kupukutisha majani, harufu ya tumbaku ikitoka kwenye mabani ya kuikaushia yaliyokwisha kazi yake ya msimu. Nilikuwa najipiga picha. Jioni nikakaa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni nikimfikiria Mirambo, aliyetawala nchi hii mpaka alipofariki mwaka 1884. Vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, ndivyo vilivyomlazimisha Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, azunguke mbali kusini ndipo afike Ujiji. Mimi nilikuwa napita moja kwa moja. Nilijiona nimemzidi Stanley, na ulevi huo ulidumu hadi saa nne asubuhi ya siku ya pili.

Ilianza kama sauti ya kijiti kinachokatika. *Tak.* Nikafikiri nimekanyaga tawi. Baada ya dakika kumi, *tak* nyingine, na gurudumu la nyuma likaanza kucheza kama mlevi, likigusa breki kila linapozunguka. Spoku mbili zimekatika, zote upande wa gia. Nilizichomoa, nikaendelea polepole, ya tatu ikakatika Kaliua ikiwa inaonekana. Niliingia mjini nikikokota.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa chini ya mwembe, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa waya, amezungukwa na baiskeli za Phoenix zilizopinduliwa miguu juu. Hakuigusa yangu kwanza. Aliizunguka mara moja, akabonyeza begi la nyuma kwa kidole, akasema, "Hii haijavunjika, mwalimu. Imelemewa."

Nikamweleza kwamba ni baiskeli imara, ya milimani, imetoka ng'ambo.

"Imara, ndiyo. Toa vyote."

"Vyote?"

"Vyote, chini hapa. Siwezi kunyoosha rimu ya mtu ambaye kesho ataipinda tena."

Basi nikavitoa, kimoja kimoja, mbele ya vijana wawili waliokuja kujaza upepo na mama mmoja aliyekuwa anasubiri pedali ya mwanawe. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule, lakini sijawahi kuona aibu ya namna ile. Kila kitu kilipotua mkekani, fundi aliuliza neno moja tu: "Cha nini?"

Hema cha nini? La kulala. "Huko kote kuna watu," akasema. Jiko? La kupikia. "Hao watu hawali?" Suruali nne? Nikanyamaza. Kamba mita 20 nilishindwa kuitetea hata mbele ya nafsi yangu. Nilipoona nimebanwa nikamtoa babu: nikamwambia wapagazi walibeba kilo 32 njia hii hii, tena kwa miguu. Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Yule alilipwa," akasema. "Wewe nani anakulipa?"

Yule mama wa pedali alicheka mpaka akakaa chini.

Tulibakiza kilo 13. Chandarua, shuka, nguo ya kubadili, sweta, tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana mbili, tochi, dawa, chupa za maji na kifuko cha matobolwa na karanga. Kitabu alikichukua kijana mmoja wapo. Vilivyobaki fundi aliviingiza kwenye begi langu kubwa, akalitundika ukutani ndani ya kibanda chake. "Ukirudi na treni nipigie, nitakuletea stesheni. Na wewe niletee mawese."

Halafu akafanya kazi, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo miezi mitatu ya kutazama video kwenye simu haikunifundisha. Alizipiga spoku moja moja kwa bisibisi, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama mtu anayepatanisha nyuzi za zeze. Inayolia chini imelegea, inayolia juu imekazwa mno. Akanionyesha kwa nini upande wa gia ndio uliokatika: gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mtu na mzigo, na kwa sababu ya nafasi ya gia, spoku za upande huo hukazwa zaidi ya wenzake. Akanipa sita za akiba na kuzifunga kwa mpira kwenye bomba la fremu. Mzigo ulionikalia juu ya karia aliushusha ukaning'inia chini, ubavuni mwa gurudumu, kulia na kushoto sawa kwa sawa, umebanwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Cheni yangu iliyokuwa inang'aa kwa grisi aliifuta yote kwa kitambaa. Grisi nzito kwenye vumbi, alisema, inakusanya mchanga, na mchanga ukishaingia kwenye cheni unakuwa msasa. Akaweka mafuta mepesi, tone kwa kila kiungo, akafuta tena.

La mwisho lilinishangaza. "Ukifika kwenye mchanga, punguza upepo." Mimi siku zote nilijua tairi gumu ndilo tairi zuri. Kumbe kwenye mchanga tairi gumu linazama kama kisu, na lililolegea kidogo linatandaza nyayo kama ng'ombe. Ukitoka kwenye mchanga unajaza tena, la sivyo jiwe la kwanza litaibana tyubu na kukuachia matundu mawili yaliyokaa kama meno ya nyoka. Nilikuja kuyapata matundu hayo, kwa uvivu wa kutojaza, na nilipoyaona nilimkumbuka.

Baada ya Kazilambwa lami iliniaga, nikaingia msituni. Hapa lazima niseme habari ya fulana yangu.

Ilikuwa ya bluu, nzito, ya michezo, nimeinunua maalumu kwa safari. Sikuwa nimekwenda kilomita tano nikasikia sindano ya moto begani. Nikapiga. Mbung'o hafi kwa kofi la kawaida, ni mgumu kama gome. Unamshika, unamminya, unamwacha umeridhika, naye anaruka. Punde walikuwa kumi, kisha sikuhesabu. Niliongeza mwendo, wakaongezeka. Nilikuwa nachochea pedali kwa mguu na kujipiga kwa mkono, naimba matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, mpaka nilipokutana na vijana wawili wa Kisukuma wanaoswaga ng'ombe. Mmoja akaninyooshea fimbo kifuani. "Bro, hiyo nguo."

Wala hakuhitaji kumaliza. Mbele kidogo kando ya njia kulikuwa na mtego wa mbung'o umetundikwa mtini: kitambaa cha bluu na cheusi. Ndizo rangi zinazowavuta, ndiyo maana mitego hushonwa hivyo. Tena mbung'o hufuata kitu kinachokwenda. Mimi nilikuwa mtego wenye magurudumu. Nimefundisha habari za malale darasani miaka kumi na mmoja, mdudu, ugonjwa, ramani ya maeneo yake, na sikuwahi kujiuliza mdudu huyo anapenda rangi gani.

Nilivaa shati langu la kubadili, la rangi ya udongo, mikono mirefu, nikajifunga kitambaa shingoni, nikapunguza mwendo. Hawakuisha, ila ilivumilika. Fulana niliikunja nikaifanya mto wa kiti.

Mchanga wa kipande kile ulinivunja kiburi kilichobaki. Sehemu nyingine nilisukuma saa nzima bila kupanda. Na hapo nikagundua tatizo la kuuliza umbali. Nikimuuliza mtu "Chagu ni mbali?", ananijibu "siyo mbali." Nikimuuliza kilomita ngapi, ananipa namba ili nifurahi. Kwa siku mbili nilizitegemea namba hizo, nikabaki naishiwa maji porini jua likiwa utosini. Aliyeniponya ni bibi mmoja aliyekuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza kwa namna nyingine: mtu akitoka hapa sasa, na baiskeli yenye mzigo, anafika jua likiwa wapi? Akainua mkono akaonyesha anga, juu kidogo ya miti ya magharibi. Nilifika jua likiwa pale pale alipoonyesha. Toka siku hiyo sikuuliza kilomita tena.

Usiku huo nililala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jambo la kulala nalo lina namna yake. Siku ya pili niliwahi kumwambia mtu mmoja kwamba "natalii" na nikaona uso wake unajifunga. Mtalii mweusi, peke yake, baiskeli, msituni? Jangili huyo, au anatoroka. Njia hii inapita karibu na mapori ya akiba, na inaelekea mkoa uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, kwa hiyo watu wamezoea kujiuliza mgeni ni nani. Tangu hapo nilifika kijijini jua halijazama, nikaulizia nyumba ya mwenyekiti au mtendaji kabla ya kuulizia maji, nikatoa kitambulisho bila kuombwa, na nikasema lile moja ambalo kila mtu alilielewa: naenda kumsalimia dada yangu Ujiji. Nyuso zilifunguka. Mtu anayekwenda kwa dada yake hata kwa baiskeli ana wazimu unaosameheka. Kwa mwenyekiti yule nilipewa ugali na mlenda, asali kwenye kikombe cha bati, na kitanda cha kijana wake aliyekuwa boda. Hema lingenilaza nje ya uzio wa maisha ya watu wale, nikiwasikia wanacheka.

Nguruka niliingia siku ya tano nikiwa naona vitu viwili viwili.

Nilijua ni malaria. Kichwa kinapasuka, miguu imekufa ganzi, nataka kutapika, ngozi inasisimka. Nilikaa chini mbele ya genge la mama mmoja muuza samaki karibu na stesheni, nikashindwa kuinuka. Yeye ndiye aliyenipeleka zahanati, amenishika mkono kama mtoto. Wakanitoboa kidole, wakapima. Hakuna malaria. Nesi akaniuliza nakunywa maji kiasi gani. Nikajibu kwa majivuno kidogo: lita saba, hata nane. Na chumvi? Chumvi gani? Nakula nini mchana? Matobolwa na karanga. Zote bila chumvi.

"Umejisafisha mwili," akasema nesi.

Nilikuwa nimetoka jasho siku tano na kurudisha maji matupu. Alinichanganyia chumvichumvi za kuharisha za pakiti, akaniambia nikikosa pakiti nitumie lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, visivyojaa kilima. Kipimo hicho nilikuwa nakijua. Kimo kwenye mabango ya kila zahanati, nimekisoma maisha yangu yote nikidhani ni habari ya watoto wanaoharisha. Yule mama wa samaki aliongeza dawa yake: bakuli la mchuzi wa perege, wa moto, wenye chumvi ya kukunja uso. Nilikunywa, nikalala kwenye mkeka wa duka lake kuanzia saa nane mchana hadi alfajiri. Siku ya sita sikwenda popote. Nilimsaidia kumenya vitunguu, naye akanihoji kuhusu mume wa dada yangu, kabila lake, kazi yake, kama anampiga. Hakuwahi kuniuliza kuhusu treni. Aliponiona napakia mizigo aliniambia, "Kijana wangu naye alikwenda Kigoma kwa baiskeli. Alikuwa amekosa nauli."

Sikujua niseme nini. Nauli nilikuwa nayo mfukoni.

Malagarasi niliuvuka asubuhi. Nilisimama katikati ya daraja kwa muda mrefu, labda nusu saa, na sitajaribu kuueleza mto kwa sababu niliyoyaona ni maji ya rangi ya chai yakienda magharibi bila haraka, na matete, na wavuvi. Ila nilikuwa nimeuchora ubaoni mara nyingi mno, kamstari ka chaki ya bluu kanakotoka mpakani na Burundi, kanapinda kwenye ardhioevu yake kubwa, kisha kanarudi kuingia Ziwa Tanganyika. Kwenye chaki hauna harufu. Pale ulikuwa na harufu ya matope na samaki mkavu na moshi.

Uvinza nilinunua chumvi. Watu wa pale wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu walikuwa wakija kutoka mbali kuifuata, misafara ikipita hapo kubadilishana. Kabla ya Nguruka ningeisoma habari hiyo kama historia. Baada ya Nguruka nilitumbukiza kidole kwenye kifuko, nikalamba, nikaelewa kwa nini mtu atembee wiki mbili kuja kuchukua kitu hiki na kukirudisha kwao kichwani.

Kuanzia Uvinza lami ilirudi, na milima nayo ikaanza. Ramani ilikuwa imenidanganya, au nilijidanganya nayo: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mita 770 na kitu, kwa hiyo nilihesabu kwamba njia nzima ni mteremko. Kweli unateremka. Ila unateremka kwa kupanda. Kuelekea Kazuramimba na baada yake nchi imekunjamana kama shuka la kitanda cha mgonjwa, na nilikuwa nimeapa tangu Tabora kwamba sitashuka kwenye baiskeli kwa sababu ya mlima. Gia 21 nilizinunulia nini?

Kwenye mlima wa tatu, niko gia ya chini kabisa, napumua kama mhunzi, nachora nyoka barabarani, alinipita mtu anayetembea. Alikuwa anasukuma Phoenix isiyo na gia, madumu ya mawese yamefungwa ubavuni na juu ya karia, mkono mmoja kwenye hendeli na mwingine kwenye kijiti alichokichomeka nyuma ya kiti. Hakuwa na haraka. Akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akanipita.

Nilimkuta juu, amekaa kwenye jiwe, anakula muhogo. Akanikatia kipande. Nikamuuliza huwa anapanda milima hii mara ngapi. Mara mbili kwa wiki. Na hapandi baiskeli? Akaniangalia kuona kama namtania. "Kupanda ni kwa kusukuma, kaka. Baiskeli ni ya kushukia na ya tambarare. Ukipanda nayo, goti linakwisha, na goti halina spea."

Tulifuatana mpaka karibu na Kidahwe. Kwenye kila mlima nilishuka kama yeye. Mwanzoni nilijiona nimeshindwa. Mlima wa pili nilianza kuona migomba, watoto wanaochota maji, rangi ya udongo ilivyobadilika ikawa nyekundu, vitu ambavyo kwenye milima iliyotangulia sikuviona kwa sababu nilikuwa naangalia tairi la mbele. Na ajabu, sikuchelewa. Saa zilikuwa zile zile, ila miguu ilikuwa yangu bado.

Kwenye miteremko alinisaidia tena. Nilikuwa nashuka nimebana breki muda wote, mpaka raba zikawa zinanuka. Yeye alikuwa anabana, anaachia, anabana, anaachia, na ndala ya mguu wa kushoto iko tayari kuligusa tairi. Raba zangu za nyuma zilipokwisha kabisa alitoa kisu na kipande cha tairi la lori kutoka kwenye kifuko chake, akachonga mbili kwa dakika ishirini. Zilikuwa nene, mbaya, zinapiga kelele kama kanga. Mpaka leo ziko kwenye baiskeli yangu. Nilitaka kumlipa, akakataa, nikampa tyubu moja, akaichukua haraka kabla sijabadili mawazo.

Ziwa nililiona siku ya tisa, alasiri, ghafla, kati ya vilima viwili, nikadhani ni anga.

Dada alinipokea kwa kelele zilizotoa majirani nje, kisha alipoona miguu yangu akanyamaza akaleta maji ya moto. Siku tatu nilikula migebuka na kisamvu cha mawese. Alinipeleka pale kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, chini ya miembe, na nikashangaa jinsi ziwa lilivyosogea mbali na mahali wanaposema wakati ule mawimbi yalikuwa karibu. Shemeji yangu, mtu wa maneno machache, alinitazama nikila siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo akauliza.

"Treni haikuwepo?"

Nilirudi kwa treni. Baiskeli ilipimwa, ikalipiwa, ikaingia behewa la mizigo, nami nikakaa dirishani nikisubiri kuyaona niliyoyapita. Giza likaingia mapema. Uvinza ilikuwa taa chache. Malagarasi niliusikia tu, chuma kikibadilisha sauti chini yetu. Nguruka tulifika usiku wa manane. Nilitoa kichwa nje nikamtafuta yule mama kati ya vibatari na mabeseni ya samaki, nikamwita mmoja aliyefanana naye, hakuwa yeye. Nikanunua samaki hata hivyo.

Kaliua fundi alikuwepo, kama alivyoahidi, na tochi na lile begi langu begani. Nikampa dumu lake la mawese na kifuko cha chumvi ya Uvinza, akanipitishia begi dirishani. Nilipolipokea lilinivuta mikono likagonga kiti. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Abiria aliyekaa mbele yangu, mzee aliyepanda Kazuramimba na jogoo ndani ya kapu, alinisaidia kulisukuma chini ya kiti.

"Una nini humu, mwanangu?"

"Hema, baba. Na jiko."

Akafikiri kidogo, treni ikaanza kutembea.

"Kwani huko ulikotoka hakuna nyumba?"